Mkono Si Wangu: Miaka Thelathini na Minne ya Verna Sawatzky

Verna Sawatzky anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, baada ya kuitumikia wodi yetu ya majeruhi wa uti wa mgongo hapa Winnipeg kwa miaka thelathini na minne na miezi tisa. Aliingia Septemba 1990 akiwa binti wa miaka ishirini na mitano, na anatoka akituachia makabati mawili ya mabanzi ya kufungia mikono ambayo hakuna ajuaye funguo zake ziko wapi. Muda wote huo kazi yake imekuwa moja tu: mikono. Mtu akivunjika shingo, mikono ikaacha kumtii, hupelekwa kwa Verna.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu chumba changu cha kufungia wagonjwa plasta kinapakana na chake, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikimsikiliza kupitia ukutani, nitake nisitake. Nilikataa mara mbili. Kamati ya kumuaga ikasema kama sitaki, basi ataandika mtu wa utawala. Nikachukua kalamu haraka.

Verna ni mtoto wa Winkler, wa nne kati ya saba, na ameleta mjini tabia zote za kwao. Anakula mbegu za alizeti kutwa nzima na maganda anayatemea kwenye kikombe cha karatasi, kikombe ambacho mimi binafsi nimewahi kukinyanyua nikidhani ni kahawa. Majira ya baridi hulichomeka gari lake kwenye umeme kama sisi sote, injini isigande, tofauti ni kwamba yeye husahau kulichomoa. Ameondoka hapa mara tano, kwa hesabu ya mlinzi, akiburuza waya wa rangi ya chungwa hadi kwenye taa za barabarani. Tulipomwambia aweke kikaratasi cha kujikumbusha kwenye usukani, alisema kikaratasi kipo, ila huwa hakisomi.

Kazini, hata hivyo, hana mchezo. Mwanafunzi yeyote aliyeletwa kwake alianza siku ya kwanza kwa kufungwa vidole vyote kumi na bendeji, kisha akaambiwa ashinde hivyo hadi saa kumi: ale, aende msalani, afungue milango, ajibu simu. Chakula cha mchana siku hiyo kilikuwa pirogi, vifuko vya unga vyenye viazi ndani, zilizomiminiwa siagi ya moto, na aliziagiza makusudi kwa kuwa zinateleza. Wengine walilia. Kijana mmoja kutoka Brandon alimwambia huu ni unyanyasaji. Verna akamjibu, "Ndiyo, bwana. Na wewe jioni utafunguliwa."

Lakini jambo atakalokumbukwa nalo ni chai ya Alhamisi. Aliianzisha mwaka 1998, na inaendelea. Utaratibu wenyewe ni huu. Mgonjwa wetu akifikia hatua ya kuamua kama atafanyiwa upasuaji wa mikono, na upasuaji upi, haruhusiwi kusaini kitu kabla hajanywa chai na watu wawili waliowahi kupita hapa: mmoja anayefurahia alichochagua, na mwingine anayejuta. Madaktari hawaingii. Verna mwenyewe haingii. Huketi nje kwenye benchi na kikombe chake cha maganda. Wapasuaji walilalamika sana mwanzoni. Walisema anawatisha wagonjwa. Yeye alisema mtu asiyetishika kidogo hajaelewa anachoamua.

Na alikuwa na sharti jingine. Maoni yake mwenyewe hakuyatoa hadi aulizwe, na akiulizwa aliyatoa mara moja tu. Baada ya hapo humsikii tena. Kwa mwanamke anayeweza kubishana na mashine ya kopi, hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote.

Mwaliko wa kamati unasema nitaje mafanikio yake. Ninayo orodha, ndefu kweli, na Dkt. Bjornson, mpasuaji wetu wa mikono, ataisoma ukumbini. Mimi nitasimulia siku alipokosea, kwa ruhusa yake. Nilipomwomba ruhusa alitafuna mbegu kwanza, kisha akasema, "Andika. Ila usinipambe."

Agosti 2017 tuliletewa Orest Kuzyk, mwezeka mapaa wa Transcona, umri miaka arobaini na mmoja. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye paa la gereji ya shemeji yake, kimo ambacho alikuwa akikiruka kwa miguu yake alipokuwa kijana. Pingili ya sita ya shingo ilivunjika. Alibaki na mabega, na uwezo wa kukunja viwiko, na uwezo wa kuinua vifundo vya mikono. Vidole, hakuna kitu. Sauti yake ilikuwa nzima, tena sauti ya mtu aliyezoea kupiga kelele juu ya mapaa. Wodi nzima ilimjua kabla ya wiki ya kwanza kuisha.

Mkewe aliitwa Jeannine. Alifanya kazi ya kupamba keki kwenye duka la mikate, na alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa. Orest alijifunza lugha ya alama kwa ajili yake, na nyumbani kwao hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya kila kitu. Hospitali ilimpangia Jeannine mkalimani, Jumatano mchana na siku za vikao. Siku nyingine walitumia simu iliyogeuza maneno ya Orest kuwa maandishi. Tuliona tumewajali vya kutosha.

Sasa inabidi nieleze jambo moja la kazi yetu, maana bila hilo ugomvi uliofuata hautaeleweka. Mtu kama Orest, vidole vyake ukiviacha vikazekaze na kujikunja kidogo, basi kila akiinua kifundo cha mkono vidole hujifunga vyenyewe. Anaweza kushika kikombe, mswaki, kipande cha mkate. Verna anauita mshiko wa bure. Lakini ukivinyoosha vidole hivyo huku kifundo kimeinuliwa, leo, kesho, keshokutwa, kano zinalegea na mshiko wa bure unapotea. Ndiyo maana kila kitanda cha wodi yetu kina tangazo juu yake, limeandikwa kwa herufi kubwa: USINYOOSHE VIDOLE.

Oktoba, vidole vya mkono wa kulia wa Orest vilianza kulegea. Verna aliwashuku wauguzi wapya, akawapa somo. Vikaendelea. Akamshuku mwanafunzi wa mazoezi, yule naye akala somo. Vikaendelea. Akaanza kunitazama mimi. Jumapili moja alikuja kazini bila kupangiwa, akamkuta Jeannine ameketi kitandani, chini ya lile tangazo, ameushika mkono wa mumewe na kifundo kimeinuliwa, anaunyoosha kidole kimoja kimoja, taratibu, mpaka mwisho.

Verna alimtolea uvivu. Alisema yote: kazi ya miezi miwili, tangazo alilosoma kwa macho yake, kikombe ambacho mumewe hatakishika tena. Jeannine alimwangalia tu. Verna akapandisha sauti. Orest ndiye aliyemkatiza.

"Verna, hata ukipiga tarumbeta hasikii."

Nilikuwa zamu siku hiyo, nimesimama mlangoni, na naapa sijawahi kumwona akiiva uso vile. Jeannine alichukua karatasi ya oda ya chakula, akaigeuza, akaandika kwa muda mrefu, akampa. Karatasi ile Verna ameihifadhi mpaka leo, na nimeinakili hapa kama ilivyo:

"Miaka kumi na sita mume wangu ameongea nami kwa mkono huu. Nyinyi mnaufundisha uwe ndoano. Najua tangazo linasema nini. Lakini tangu Agosti hajaniambia neno hata moja ambalo mtu mwingine hakulisikia kwanza."

Verna aliisoma, akaikunja, akatoka. Alikwenda moja kwa moja kwenye faili. Fomu yetu ya tathmini ilikuwa na visanduku: kula, kuoga, kuvaa, kusukuma kiti. Ukurasa wa pili ulikuwa na kisanduku cha mawasiliano. Pale alikuwa amejaza yeye mwenyewe, kwa wino wa bluu, wiki ya kwanza: *Hana tatizo.*

Mtu anaongea, sauti yake inafika hadi jikoni. Nani angewaza? Hivyo ndivyo nilivyomwambia kumpoza. Alinijibu, "Mimi ndiye ninayelipwa kuwaza, Rosaire." Akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza ukuta wetu ulikuwa kimya.

Kosa lile halikuwa la karatasi tu. Kutokana na fomu ile, mpango wa Orest ulikuwa tayari umeandikwa: mkono wa kulia, ulio bora, ungefanyiwa upasuaji wa kano mwaka unaofuata. Unachukua kano ya msuli unaofanya kazi, unaishona kwenye kidole gumba, unapata kibano chenye nguvu. Ni upasuaji tunaouamini. Lakini kibano ni kibano. Hakifunguki kama kiganja cha mtu anayeongea. Kwa kufunguka, njia ilikuwa nyingine: kuhamisha neva. Unachukua tawi la neva iliyo hai, unaliunganisha na neva ya misuli iliyolala, kisha unasubiri ikue, milimita moja kwa siku ikijitahidi. Wengine hufanikiwa, wengine hawafanikiwi. Na hiyo haingoji. Misuli isiyopata neva huanza kufa. Dkt. Bjornson alikuwa na nafasi Februari, na baada ya hapo asingeahidi chochote.

Basi Verna aliitisha kikao upya. Alisimama mbele ya Orest, Jeannine na mkalimani, akasema amekosea, akaeleza amekosea wapi. Kisha akamtaka Orest ataje upya mambo matatu anayotaka mikono yake ifanye. Orest alisema la kwanza ni kula mwenyewe. La pili, kujihudumia msalani bila kushikwashikwa na watoto wa chuo. Kisha la tatu.

"Kuongea na huyu," alisema, akimwonyesha mkewe kwa kidevu. "Bila hadhira."

Mkalimani alitafsiri, akatazama sakafu.

Chai ya Alhamisi ilifanyika Januari, tarehe kumi na moja, nje ni nyuzi thelathini na mbili chini ya sifuri na nusu ya magari yamegoma kuwaka. Wageni walikuja hivyo hivyo. Mmoja alikuwa mwanamke wa Selkirk aliyefanyiwa kano mikono yote miwili, anayefungua mitungi ya achari nyumbani kwake na kumdhihaki mumewe asiyeweza. Mwingine alikuwa Lyle, mpiga rangi, aliyehamishiwa neva akasubiri miezi kumi na minane na asipate kitu. Baadaye Orest alinisimulia maneno ya Lyle. "Sijuti kujaribu, ndugu yangu. Najuta ule mwaka. Kila asubuhi nilikuwa nakiangalia kidole kabla sijamwangalia mke wangu."

Wageni walipoondoka, Jeannine alimwomba mkalimani naye atoke. Wakabaki wawili. Yeye aliuliza kwa mikono, mumewe akajibu kwa kichwa: ndiyo, hapana, hapana, ndiyo. Kila jambo lilibidi livunjwevunjwe hadi liwe swali la ndiyo au hapana. Walichukua saa moja na dakika arobaini. Verna alikuwa kwenye benchi, mbegu zimemwishia, anatafuna kifuniko cha kalamu.

Orest alipotoka alisema, "Kulia neva. Kushoto kano. Sasa nakuuliza, Verna, wewe ungefanyaje?"

"Kinyume," alisema Verna. "Mkono bora ningeupa kano, nguvu niliyo na hakika nayo. Kwa sababu naogopa yaliyompata Lyle yakupate na wewe. Lakini mkono si wangu, wala mke si wangu."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Na kweli alimaliza. Februari Dkt. Bjornson alihamisha neva mbili kwenye mkono wa kulia, moja ya kufungua vidole na moja ya kukunja gumba na kidole cha shahada. Juni alishona kano za mkono wa kushoto, na plasta nilifunga mimi, tena nzuri. Mkono wa kushoto ulifaulu bila ubishi. Kufikia Septemba Orest alikuwa anakula kabichi za kuviringisha za mama yake kwa uma wake mwenyewe, na wale watoto wa chuo walipumzishwa.

Mkono wa kulia ulikaa kimya kama maji mtungini. Kila Jumanne Verna alimwekea vifaa vya kupima, akamwambia ajaribu, akatazama, akaandika: *Leo hakuna.* Machi hakuna. Mei hakuna. Hiyo tuliitarajia. Agosti hakuna, hiyo ilianza kuuma. Oktoba, mwaka na zaidi tangu aanguke, Orest alikataa kujaribu. Alimwambia Verna mbele ya watu wote kwamba ni yeye aliyepaswa kumshika mashati siku ile ya chai, amlazimishe, kwani kazi ya mtaalamu ni nini kama si kumzuia mjinga? Verna angeweza kusema nilikwambia. Nami nilisubiri aseme, maana namjua. Alisema, "Nikunjie kiwiko, tuanze." Kisha akaandika: *Leo hakuna.* Jioni ile nilimsikia kupitia ukutani akipiga droo teke.

Tarehe nne Desemba gumba lilicheza. Lilicheza kidogo sana, kiasi kwamba Verna alimwita Dkt. Bjornson aje aangalie, na Dkt. Bjornson akaniita mimi, kana kwamba mfunga plasta ana macho ya ziada. Lilicheza tena. Januari vidole vilianza kufunguka, kwa uvivu, kama mtu anayeamshwa Jumatatu. Kukunja kulikuja nyuma yake, dhaifu, kidole cha shahada kikitangulia. Nguvu haikuwa ya kufungulia mtungi wa achari, na haijawa mpaka leo.

Ilikuwa Machi 2019, Jumatano, saa za kliniki. Tulisikia kishindo kwenye korido, kumbe ni Jeannine amepiga ukuta kwa kiganja kumgeuza mumewe amwangalie. Walikuwa wanagombana. Yeye mikono yake ilikwenda kasi hadi huioni. Orest kwenye kiti chake alijibu kwa mkono wa kulia, kwa shida, vidole vikikwama njiani, anafuta, anarudia, ameiva shingo kwa hasira. Jeannine aliniandikia baadaye kwamba sasa mumewe ana lafudhi ya ajabu, kama mtu anayeongea huku ana viazi mdomoni. Lakini siku hiyo alimwelewa, tena alimwelewa sana, maana alizidi kupandwa na hasira. Watu walisimama. Mkalimani alikuwa pale, ameegemea mlango na kahawa yake. Nikamuuliza wanasema nini. Akanywa kahawa. "Hayo ni ya kwao," alisema.

Verna alitoka chumbani, akasimama kando yangu. Haelewi lugha ya alama, anajua asante na subiri tu. Aliwatazama mpaka mwisho, mpaka Jeannine alipoangua kicheko ghafla na kumfinya mumewe shavu. Hatujui kilichowagombanisha, wala kilichowapatanisha. Verna alijipangusa macho kwa mkono wa koti, akarudi ndani, akafungua faili. Ukurasa wa pili, kwenye mawasiliano, aliyakata kwa mstari yale maneno ya wino wa bluu, akaandika chini yake: *Leo amegombana na mkewe, faragha. Lengo la tatu limefikiwa.*

Tangu mwaka ule fomu yetu ina mstari mmoja uliomo kwa amri yake. Baada ya kuuliza kama mgonjwa anaweza kuongea, inauliza: na nani?

Verna, tunakushukuru kwa miaka yote hii, kwa pirogi, na kwa watu wote uliowaacha waamue wenyewe wakati wewe ulikuwa unawashwa na hamu ya kuwaamulia. Tutakukosa, na mimi nitakukosa zaidi, nitake nisitake. Nenda Winkler kwa amani, upate afya, usingizi wa kutosha na majirani wabishi kama wewe, na maisha yaliyobaki yakuendee vizuri.

Rosaire Lavallee
Chumba cha plasta